Wavu Uliokuwa Kwenye Gunia

Deloraine, Tasmania
9 Juni 1983
(kwa meli)

Mdogo wangu Wilf,

Salamu kwako na kwa shemeji Enid. Nimefika mzima, ila mgongo umegoma baada ya siku mbili za kukunjwa kwenye ndege. Beryl binti yangu anawasalimu. Amenenepa na hataki kuambiwa. Mume wake ni mtu mwema, lakini kuhusu samaki hajui hili wala lile. Mwaka mzima huku! Sijui nilikubali vipi.

Wale samaki wetu, tenchi, huku wapo, Wilf. Waliletwa na watu wetu zamani, lakini wenyeji wanawaona takataka. Juzi nilimwona mtu kamvua wa ratili nne, akamtupia mbwa. Nikamwambia, "Bwana, huyo ni samaki tabibu, wenzake wakiugua huenda kujisugua kwake." Akaniuliza kama nimesahau kumeza dawa zangu.

Nawaza tarehe kumi na sita. Msimu wa uvuvi unafunguliwa nami sipo, mara ya kwanza tangu vita viishe. Wasalimie wa chama chetu: mwenyekiti Horace, na Reg, na yule mgeni wenu Lionel. Waambie wakiufuta vumbi ule ubao wenye jina langu, wafute polepole: C. Tunnicliffe, tenchi, ratili saba na robo, 1961.

Hii naituma kwa meli. Stempu za ndege hapa ni wizi, na sina la haraka.

Kaka yako,
Clem

N.B. Bandani kwako, nyuma ya mashine ya kukatia majani, kuna gunia la mbolea. Ndani umo wavu wangu wa kutunzia samaki hai majini. Usiutumie. Una matope ya mahali ambapo samaki hawakuwa wazima, na niliuacha hivyo kwa haraka ya safari. Uuchome tu.


Overmarsh, Shropshire
21 Juni 1983

Kaka Clem,

Sisi hatujambo. Goti la Enid linalalamika kuliko mwenyewe, na paka amezaa ndani ya sanduku la kofia zako, kwa hiyo ukirudi utavaa manyoya. Barua yako hatujaiona. Enid anasema ndege zimechelewa, mimi nasema umetuma kwa meli, maana nakujua ulivyo mkono wa birika.

Sasa nikupe habari yenyewe. Tulingoja mpaka Jumamosi kwa sababu ya duka la Reg. Mvua nayo ikangoja Jumamosi hiyo hiyo. Ilinyesha siku mbili bila kupumua, na sijawahi kufurahi hivyo maishani.

Alfajiri nikakagua nyavu kama desturi. Kazi yangu unaijua: kila mwanachama aonyeshe wavu mkavu, uliokaa juani siku tatu, asituletee uchafu wa maji mengine kwenye bwawa letu. Lakini kukagua ukavu kwenye mvua ile ilikuwa vichekesho vitupu. Lionel alikuja na baiskeli, wavu kaufunga nyuma bila kuufunika.

"We Lionel, wavu wako unachuruzika!" Horace akapaza sauti. "Umeukaushia wapi, bafuni?"

"Ulikuwa mkavu mpaka getini kwa kanisa," Lionel akasema. "Na mimi pia."

Tukacheka, nikampitisha. Tena nami nina la kuungama. Wavu wangu niliukuta umeliwa na panya, una mashimo ya kupita sungura. Nikapekua banda zima, nikauona wako kwenye gunia la mbolea. Ulikuwa na unyevu na kaharufu, nikajua ni wa Machi, kabla msimu haujafungwa. Na mkaguzi nani wa kumkagua? Asante kwa kuniazima bila habari.

Ikaja zamu ya reki. Mwaka huu ilikuwa ya Reg kuirusha na kuparua magugu, ili tope litibuke na tenchi waje kuona kuna nini. Akaizungusha kama mshindi wa Olimpiki, akairusha mbali, tukapiga makofi. Kumbe hakukanyaga kamba. Reki ikaenda, kamba ikafuata.

"Hiyo ya tatu, Reg," Horace akamwambia. "Tukilikausha hili bwawa tutafungua duka la vifaa vya bustani."

Saa moja asubuhi mapovu yakaanza, yale madogo madogo, kama uji unaotaka kuchemka. Boya langu likainuka, likalala, likatembea kando bila haraka, likazama. Unajua tenchi anavyovuta, hana papara, anakwenda tu na wewe utajijua. Mpaka Jumapili jioni nilikuwa na kumi na mmoja ndani ya wavu, rangi ya zeituni, na vijicho vyao vyekundu. Mkubwa alikuwa ratili sita na robo tatu. Nusu ratili tu, kaka! Horace alisema ningemlisha mawe ningekupita. Tukawapima, tukawarudisha majini wote, wakaondoka kama watu waliotoka kanisani.

Lakini aliyenishangaza ni Lionel. Miaka miwili tangu ahamie hapa hajawahi kusema maneno kumi mfululizo. Chini ya mwavuli, Reg akikaanga nyama ya nguruwe, alijikata kidole na kopo la mahindi, akakipaka ute wa tenchi. "Tabibu huyu hatozi," akasema. Kisha akatuhadithia habari za marehemu mkewe Dorothy, na kazi yake ya kuongoza treni kwa ishara, usiku mzima peke yake na taa.

"Nyumbani anayenijibu ni redio," akasema. "Hapa angalau Horace ananitukana."

"Karibu wakati wowote, mpumbavu wewe," Horace akamjibu, na nikaona ametazama pembeni.

Ungekuwepo, Clem. Viatu vyangu bado vimelowa.

Mdogo wako,
Wilf


Deloraine
3 Julai 1983

Wilf,

Barua yako imefika, nimefurahi. Wote wazima. Beryl amenishonea fulana inayoniwasha.

Barua yangu ya meli imeshafika? Kama bado, si neno. Ule wavu ulioutaja ulikuwa upi hasa? Nadhani niliacha mbili. Na samaki wakoje? Wanacheza? Niandikie upesi, hata mistari miwili.

Clem


Overmarsh
24 Julai 1983

Kaka Clem,

Enid anakusalimu, goti nafuu. Sina habari nyingine ya nyumbani, kwa hiyo niingie tu.

Tenchi wanakufa.

Wa kwanza Reg alimwona tarehe sita, amelala ubavu kwenye matete, tumbo lina madoa mekundu kama aliyechomwa na sigara. Kesho yake wanane. Wiki iliyofuata tuliacha kuhesabu. Na si watoto, Clem. Ni wale wakubwa, wazee wa bwawa, ambao baba alikuwa akituonyesha migongo yao tukiwa na kaptula. Wanakuja juu, wanafungua midomo, wanatutazama. Nasi tunasimama ukingoni na mikono yetu hii, hatuna la kufanya. Yule wa ratili sita na robo tatu nilimtambua kwa pezi lake lililochanika. Nilimshika majini karibu saa nzima. Mganga hajigangi, wanasema, na nimeyaona.

Tumechimba shimo, tunawafukia kwa chokaa. Anayesukuma toroli kuliko wote ni Lionel. Anakuja asubuhi kabla yetu.

Alikuja mtaalamu wa maji, akachukua wawili kwenye barafu. Amesema ni ugonjwa wa kuletwa kutoka maji mengine, umekuja na wavu au viatu. Dawa hakuna. Tungoje tuone watakaobaki. Alipoondoka Horace akasema, "Nani alikuja na wavu uliolowa?" Akasema polepole, na unajua Horace akisema polepole. Wote wakamgeukia Lionel, aliyekuwa ameshika toroli.

"Ilikuwa mvua, Horace," akasema.

"Mvua haina ugonjwa," Horace akamjibu.

Mimi ndiye niliyempitisha. Na mimi, kama nilivyokuandikia, nilitumia wako. Ulikuwa safi, sivyo? Niambie tu ndiyo, nipate usingizi.

Wilf


Deloraine
8 Agosti 1983

Mdogo wangu,

Pole sana, na uwape pole wenzako. Huku baridi, na wajukuu wana mafua.

Samaki hufa, Wilf. Mwaka 1947 walikufa kwa barafu, wakarudi. Joto likizidi hufa, mvua ikizidi hufa. Wataalamu wanapenda kusema neno ili waonekane wamefanya kazi. Usijitie presha kwa ajili ya wavu.

Ile barua ya meli ni habari za hali ya hewa, na maneno ya mtu aliyechoka safari. Hata usipoifungua hutakosa kitu.

Clem


Overmarsh
2 Oktoba 1983

Kaka,

Enid hajambo. Matufaha ya mwaka huu ni mengi, hatuna wa kumpa.

Barua yako ya meli ilifika tarehe kumi na tisa Agosti. Niliifungua.

Niliisoma nimesimama mlangoni. Kisha nikaenda bandani, nikautoa wavu wako, nikaumwagia mafuta ya taa nyuma ya kabichi, nikauchoma. Nailoni haiungui vizuri, inayeyuka na kutoa moshi mweusi. Enid akauliza ninachoma nini, nikasema takataka. Ulisema niuchome, nikakutii, mara ya kwanza tangu utoto. Ulipozima ndipo nikajiuliza nimechoma nini hasa, na kwa faida ya nani.

Tarehe tisa Septemba wamemfukuza Lionel. Nilikuwepo. Mimi ni katibu, kalamu ilikuwa yangu. Nilitaka kusema, Clem. Nilifungua mdomo mara mbili, kama wale samaki. Horace akauliza kama kuna mwenye neno. Lionel akasimama, akachukua kofia yake, akasema, "Kama ni mimi, samahani sana." Akatoka. Mkono ulioandika "wanachama wote wamekubaliana" ndio huu unaokuandikia.

Sasa kila Jumamosi anakuja na baiskeli mpaka kwenye lango la shamba. Haruhusiwi kuingia. Anasimama pale, anatazama maji, kisha anarudi kwenye redio yake. Horace anajifanya hamwoni. Mimi namwona.

Tenchi waliobaki ni wachache, lakini wapo, na kufa kumekoma. Kwa hiyo kilichobaki cha kuokoa ni mtu mmoja. Niambie ulikuwa wapi na wavu ule. Kisha mwandikie Horace mwenyewe. Wewe anakusikiliza kuliko alivyomsikiliza baba yake. Nakuomba, na unajua sijawahi kukuomba kitu.

Wilf


Deloraine
20 Oktoba 1983

Wilf,

Salamu kwa shemeji. Sina usingizi mzuri, Beryl anasema ni chakula.

Umeuliza, nakujibu wewe na si mtu mwingine. Ni bwawa la kiwanda cha matofali. Tarehe ishirini na tisa Mei.

Ndiyo, Mei, miezi ya mwiko wa kuvua. Zilibaki siku kumi na nane msimu ufunguliwe, nami siku sita nipande ndege. Nilijiambia, nina miaka sabini na miwili, mwaka mzima ugenini, huenda nisirudi; acha nimshike mmoja wa kuagana. Nikawapata wanne. Walikuwa na madoa. Niliyaona, nikasema ni kivuli. Nikasikia lori linakuja, nikaushindilia wavu kwenye gunia kama mwizi.

Unakumbuka Alf Mottram, 1958? Alivua siku moja kabla ya msimu. Moja tu. Mimi ndiye niliyesimama nikataka afukuzwe, na sikumsalimu mpaka alipokufa. Sasa unataka nimwandikie Horace nini?

Sema wewe kwamba ni wavu wako. Hutakuwa umedanganya sana. Lakini mimi usinitaje. Sina nyumba tena wala mke, na jina langu limeandikwa kwenye ubao ule tu.

Clem


Overmarsh
22 Januari 1984

Kaka Clem,

Heri ya mwaka mpya, nimechelewa. Enid anakusalimu. Theluji imefika dirishani na paka zako wote watano wako juu ya jiko.

Nilikaa na barua yako Novemba na Desemba. Kikao cha mwaka kilikuwa Ijumaa ya tarehe kumi na tatu, chumba cha juu cha baa kama kawaida. Nilipomaliza kusoma taarifa yangu sikukaa. Nikasema, "Jamani, aliyeleta ugonjwa si Lionel. Ni mimi. Wavu wangu uliliwa na panya, nikatumia mwingine ambao haukuwa mkavu. Nilijua tangu Agosti nikanyamaza. Mrudisheni Lionel, mnifukuze mimi."

Horace akavua miwani.

"Huo wavu uko wapi, Wilf?"

"Nimeuchoma."

"Umeuchoma. Na ulikuwa umeloa maji gani? Wewe hujavua nje ya bwawa hili tangu tuoe."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, Clem. Ubao ulikuwa nyuma ya kichwa chake, Reg ameupaka vanishi kwa Krismasi, jina lako linang'aa. Nikalitazama.

"Ya nani hayo maji, Wilf?" akauliza tena, kwa upole.

"Siwezi kusema."

"Basi," Horace akasema, akawageukia wenzake. "Mnamwona mtu huyu? Miaka thelathini anatukagulia nyavu, hajapitisha hata uzi mbichi. Leo yuko tayari kujipaka tope ili kumwokoa mzee mmoja mpweke. Huo ndio moyo!"

Wakapiga makofi. Nikasema, "Hapana, nisikilizeni." Wakazidi kupiga. Reg alikuwa anafuta machozi. Nikapiga meza, nikamwaga bia ya mtu, wakasema maskini, amechoka. Kisha mmoja nyuma akasema ni aibu kwa Lionel kumtuma mtu mwema aje kumwongopea, na wengi wakaitikia. Walikuwa na mpango wa kumfikiria tena mwaka huu. Sasa wamepiga kura asirudi kamwe. Mimi wamenirudisha katibu na mkaguzi, kwa sauti moja. Na hilo pia nililiandika mimi.

Asubuhi nikaenda kwa Lionel. Nilikuta masanduku yamefungwa. Habari ilikuwa imemfikia kabla yangu.

"Ni mimi, Lionel," nikamwambia mlangoni. "Nakuapia. Si huruma, ni kweli."

"Wilf, acha," akasema. "Nimefikiri sana. Ule wavu wangu ulilowa kweli. Na mwezi wa tano nilivuka mfereji na viatu vile vile. Kila nikilala nawaona wanafungua midomo."

"Haukuwa wako! Sikia, kulikuwa na gunia..."

"Wewe ni mtu mwema. Ingia unywe chai."

Nikaingia, nikanywa chai yake. Ningemtajia jina lako angeamini. Nilikuwa nalo mdomoni pamoja na biskuti. Akaanza kunieleza kwamba anahamia kwa binti yake Coventry, ghorofa ya nane, hakuna maji karibu ila ya bomba, na labda ndivyo ilivyo bora. Nikamsaidia kufunga kamba sanduku la vyombo. Ndicho nilichoweza.

Sikuombi tena umwandikie Horace. Hata ukiandika watasema ndugu wanabebana. Tulikuwa na nafasi yetu, wewe ya kwako na mimi ya kwangu, zimepita.

Leo Lionel ameondoka. Nilipofungua mlango kuchukua maziwa, nilikuta wavu wake umekunjwa juu ya ngazi, ndani ya mfuko safi ili theluji isiuguse. Pana karatasi, mwandiko wa mtu aliyezoea kujaza ratiba za treni: "Kwa Wilf, ambaye panya walimlia wake. Wewe peke yako ulinitetea. L. Askew."

Nimeutandaza juu ya meza ya jikoni, nimeukagua kama kazi yangu inavyotaka, tundu kwa tundu, mpaka kwenye pete za chini ambako unyevu hujificha. Enid alitaka kuweka sahani, nikamwambia angoje. Nimeupitisha shavuni.

Ni mkavu, kaka. Mkavu kabisa.

Wilf